Herufi Tisa

Kazini wananiita Mkasi. Kwa miaka kumi na tisa nimetunga vichwa vya habari katika gazeti moja la kila siku. Mwandishi akiniletea kichwa chenye maneno manane, namrudishia manne, naye hunishukuru huku amenuna. Sina subira na maneno legelege. Neno lisilomkamata msomaji shati akipita, mimi silitaki kwenye ukurasa wangu.

Ndiyo maana Jumanne ile, mwandishi wetu wa habari za mji aliponiletea karatasi yenye kichwa "Mlinzi aliondoka ghala likiteketea", nilichukua kalamu nyekundu hata kabla sijakaa sawasawa. Ghala la magodoro lilikuwa limeungua mchana kweupe, na kwa bahati hakuumia mtu. Habari ilikuwa nzuri ila kichwa kimelala. Nikakata "aliondoka", juu yake nikaandika "alitoroka". Kikaamka. Nikaichoma karatasi kwenye msumari wa ukutani, ambako rasimu zetu zote hukaa wiki mbili kabla ya kuchanwa, kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Jumatatu iliyofuata nikaambiwa nina mgeni. Akapanda ngazi mwanamke wa makamo, mfuko wa nyuzi begani, anahema. Akasema yeye ni mfumaji wa masweta ya shule, na ni mke wa yule mlinzi. Nikajiweka tayari kwa ugomvi, na sitaficha, ugomvi naupenda. Lakini yeye aliomba maji, akanywa taratibu, ndipo akalikunjua gazeti mezani kwangu.

"Dada, nimeambiwa hiki umekiandika wewe."

"Ndiyo, ni mimi."

"Mume wangu alikimbilia kituo cha mafuta, ng'ambo ya barabara, kuomba simu. Yake iliisha chaji, na ya getini imekufa tangu mwaka jana. Zimamoto walikuja kwa sababu yeye ndiye aliyewaita."

"Hilo tumeliandika," nikasema. "Lipo aya ya nne."

"Aya ya nne nimeisoma mimi, dada. Kazini kwake wamekata kichwa peke yake, wamekibandika kwenye faili lake. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi. Wanasema gazeti lazima lina watu waliomwona akitoroka, haliwezi kuandika tu. Wakimfukuza kwa hilo, nani tena atampa lindo? Hana kazi nyingine anayoijua."

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa bado najitafutia pa kutokea.

"Na nyumbani ndiyo basi," akaendelea. "Siku hizi hatoki chumba kimoja kwenda kingine bila kuaga. Utamsikia: naenda uani, narudi. Naenda kuzima redio, narudi. Juzi mwanangu mdogo alicheka. Mimi nilienda jikoni nikalia."

Hapo ningeomba radhi, mambo yangeisha vizuri. Badala yake nikashika ngao ya watu wa kazi yangu. "Mama, kichwa cha habari kina nafasi finyu. Tunahesabu herufi. Saa nyingine mtu unachukua neno linaloenea, si unalolipenda."

Akanitazama. Kisha akaweka kidole kwenye lile neno langu, akalipitia polepole, midomo ikicheza, kama anayehesabu mishono. Akahamia pembeni palipokuwa peupe, akaandika kwa kidole neno lisiloonekana, akahesabu tena.

"Alitoroka ni herufi tisa," akasema. "Ungeandika aliondoka. Nayo ni tisa."

Hakusema kwa ukali. Nikazihesabu mwenyewe, mara mbili, nikiombea moja ipungue. Zilikuwa tisa. Miaka yote hiyo nafanya kazi ya kuhesabu herufi, na siku ile sikuzihesabu hata kidogo. Nilitaka kichwa kiamke tu. Nikaona aibu, ile ya kukufanya usijue mikono uiweke wapi.

Nikaenda kwa mhariri mkuu kuomba tuandike masahihisho. Alikuwa anakula ndizi, na aliimaliza kwanza.

"Masahihisho ni ya makosa," akasema. "Mlinzi alitoka getini, hakutoka?"

"Alitoka."

"Moto ulikuwa unawaka?"

"Ulikuwa unawaka."

"Sasa unasahihisha nini, Mkasi? Unataka tumpake mafuta?"

Ubaya wake ni kwamba hoja hiyo niliifundisha mimi. Kila mwandishi mgeni aliyeingia chumba kile nilimwambia: ukweli ukiwa mkononi, neno chagua lenye meno. Sikuwahi kumweleza kwamba meno hayo hung'ata mtu, kwa sababu waliong'atwa hawakuwahi kupanda ngazi zetu hadi siku ile.

Nilirudi mezani nimefura. Mama yule alikuwa pale pale, ameshatoa sindano zake, anafuma mkono wa sweta. Nikautazama msumari wa ukutani. Kanuni yetu moja haina mjadala: rasimu haitoki nje ya chumba. Nikapekua hadi karatasi ya Jumanne, nikaichomoa. Maneno ya mwandishi yalisomeka vizuri chini ya mstari wangu mwekundu. Pembeni nikaandika: "Hakuna shahidi aliyesema mlinzi alitoroka. Mwandishi aliandika aliondoka. Neno hilo nimelitia mimi, mezani kwangu, bila kumuuliza mtu." Nikatia saini na tarehe.

"Kamati wakiuliza nani alimwona akitoroka, wape hii," nikamwambia.

"Na wewe, dada?"

"Mimi nina mdomo. Nenda."

Alhamisi saa nane akapiga simu. Mwenyekiti wa kamati aliisoma karatasi, akampa wa pembeni yake, akauliza kama yupo mwenye ushahidi mwingine. Hakuwepo. Mumewe angerudi getini Jumatatu. Akasema asante mara nyingi mno, na kila moja ilinichoma, maana mimi ndiye niliyemvunjia nyumba kisha nikamrudishia tofali moja.

Kesho yake nikapewa barua ya onyo, ya mwisho, "kwa kuvujisha nyaraka za ofisi". Nikamwambia mhariri mkuu kwamba sikuvujisha kitu, nilimkabidhi mtu mkononi na saini yangu ipo.

"Tofauti ni nini?" akauliza. "Karatasi si imetoka?"

Nikatia saini ya kuipokea.

Wiki iliyofuata, baada ya kazi, nikashuka kwenda ghalani. Ukuta mmoja ulikuwa bado mweusi. Getini alisimama mwanaume mrefu, sare imepigwa pasi hadi mistari inaonekana. Hakunijua. Akanisogezea daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Jina, nikajaza. Atokako, nikaandika jina la gazeti. Safu ya tatu ilikuwa "sababu ya kuja", na nafasi yake haizidi kidole. Nikasimama na kalamu muda mrefu, mimi ambaye watu hunisubiri kwa maneno. Mwisho nikaandika: kuomba radhi.

Akaligeuza daftari, akasoma. Alifika kwenye jina la gazeti akatulia.

"Nimeisoma ile karatasi yako," akasema. "Karibu, dada. Usisimame juani."

Akaelekea kibandani. Alipofika mlangoni akasita, akanigeukia.

"Nachukua kiti tu hapa ndani," akasema. "Narudi sasa hivi."