Mdomo wa Uzi

"Umemshona baba mdomo! Umemshona kama gunia la mkaa!"

"Punguza sauti, we. Ukuta huu ni plaiwudi."

"Sipunguzi!"

"Haya, usipunguze. Lakini ujue sikumfunga mdomo, nimempa. Hakuwa nao. We ndiye uliyemnyima."

Stoo yenyewe ilikuwa ya kugeuka kwa zamu. Ndani kulikuwa na ngazi, ndoo mbili za rangi, boksi la misumari, halafu ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja na sasa hawawezi hata kupishana. Chokaa, maana ndivyo walivyomwita toka enzi za kupaka kuta za watu, alikuwa amekumbatia picha ya baba yao, aliyoichora kwenye kitambaa, kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto. Mkono wa kulia ameshika wembe. Dada yake kaegemea mlango, sindano bado imechomekwa kwenye kola ya gauni. Kazi ni yake, wala hafichi.

Nje ya ule ukuta ndiko kulikokuwa na banda lao, kona ya mwisho kabisa ya maonyesho ya sanaa, jirani na vyoo. Miaka saba wasanii sita wanaendesha galari yao wenyewe kwenye gereji ya zamani, bila bosi, bila tajiri wa kuwaambia chora hivi, na miaka yote saba wameomba nafasi hapa wanaambiwa subirini. Mwaka huu wamekubaliwa. Milango inafunguliwa saa nne, na saa tatu na nusu Chokaa ndio kaingia, kakuta baba yake ana mdomo.

"Mimi nimechora uso hauna mdomo," alisema, "na nimeuacha hivyo makusudi. Makusudi, dada! Yule mama wa makumbusho jana kapita hapa tunapanga, kasimama mbele yake robo saa nzima. Kasema leo anarudi, kazi inakwenda makumbusho. Unajua makumbusho we? Kaipenda kwa sababu haina mdomo!"

"Jana ilikuwa imetundikwa?"

Chokaa akazidi kuikumbatia picha.

"Nakuuliza. Ilikuwa imepigwa msumari, au ilikuwa imeegemezwa chini?"

"Usiniletee hayo."

"Nakuletea, kwani sheria ni ya nani? Kabla ya msumari kazi ni ya wote. Nani alisema?"

Alisema yeye. Siku ya kwanza pale gereji, amesimama juu ya kreti ya soda, kifua mbele. Mtu yeyote wa galari anaruhusiwa kugusa kazi ya mwenzake mpaka itundikwe, ikishapigwa msumari basi, hata mwenyewe haigusi tena; na dada, aliyejiunga baada ya msiba wa baba, ni mmoja wao. Na aliyeitumia sana hiyo sheria ni nani kama si yeye? Ng'ombe wa vyuma wa Mzee Kutu alimwongezea pembe ya tatu, mzee wa watu akakaa wiki haongei na mtu. Mkuki kwa nguruwe, ndugu yangu.

"Sawa," alisema Chokaa, sauti imeshuka kidogo. "Sheria ni yangu. Lakini hata kama ungeshona, si ungeshona sawasawa? Fundi mzima, cherehani ya baba umerithi wewe, umempinda mdomo! Tazama, upande umeshuka. Baba alikuwa hivi?"

"Alikuwa hivyo."

"Lini?"

Mlango ukafunguka nusu, ukamsukuma dada, kikaingia kichwa cha Mzee Kutu, mchomeleaji, miwani yake ya kazi bado ipo kwenye paji la uso.

"Samahanini wenye nyumba. Wameshafungua, na watu wamejaa hapa nje wanasikiliza. Wanadhani ni sehemu ya kazi. Kuna mmoja kaniuliza inarudiwa saa ngapi."

"Mwambie hairudiwi!" walijibu wote wawili kwa pamoja.

Nje mtu akapiga makofi. Kichwa kikatoka.

"Lini alikuwa hivi?" Chokaa aliuliza tena.

Dada alichomoa sindano kwenye kola, akaichomeka tena palepale. "Miezi minne ya mwisho. Kiharusi. Upande wote wa kulia ulilala, na mdomo nao ukaenda."

"Mlisema ni presha."

"Tulisema."

"Nilikuwa huku mjini, napiga simu nyumbani kila Jumapili. Unampa simu, unasema baba huyu hapa, ongea. Naongea mimi, naongea, naongea. Yeye kimya. Nasikia anapumua tu." Alikuwa anahesabu kitu kichwani, unamwona kabisa. "Nikajua hajanisamehe kuacha cherehani. Nikasema kama hataki kuongea na mimi, basi. Nikaacha kupiga."

"Jumapili ya sita ndiyo uliacha. Najua. Yeye aliendelea kukaa karibu na simu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alichukua chaki ya kuchorea nguo, kwa mkono wa kushoto, akaandika juu ya meza: asiambiwe. Herufi kama za mtoto wa chekechea. Hakutaka urudi kwa huruma. Na we ulifika tumeshazika, umenuna, hukuuliza hata alikufaje. Miaka miwili hujauliza. Unadhani mimi nilikuwa nasubiri nini?" Alijifuta pua kwa kiganja. "Jana nimeiona hiyo picha, umeibandika jina 'Hakusema'. Nikajua huyu mdogo wangu anakwenda kumtundika baba mbele za watu kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikatoa uzi. Ule wake wa kahawia, kibiringo kilichobaki kwenye mashine."

Chokaa aliiweka picha juu ya ngazi. Yule baba wa chokaa na masizi alikuwa anamtazama kama jana, ila sasa chini ya pua kulikuwa na ile mishono midogo midogo, ya mtu aliyefundishwa na mwenye mdomo wenyewe. Upande mmoja umelegea. Ule mwingine, ukiuangalia vizuri, unajitahidi.

Akausogeza wembe kwenye pembe ya mdomo. Akakata uzi mmoja.

Dada aliuangalia ule uzi. Hakumshika mkono.

"Nikifumua itarudi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Matundu yatabaki."

Nje sauti ya mwanamke ilimwuliza Mzee Kutu ile picha ya jana isiyo na mdomo iko wapi, imeshawekwa? Ni yeye yule wa makumbusho. Mzee Kutu akajibu kwamba mwenyewe yuko ndani anaimalizia, asubiri kidogo. Heshima ya mzee: hakudanganya hata neno.

Chokaa aliuacha wembe uanguke ndani ya ndoo.

"Funga huo uzi nilioukata," alisema. "Utafumuka."

Dada akainama, akapitisha sindano mara tatu, akapiga fundo, akakata kwa meno, kama alivyokuwa akikata baba.

"Na jina?"

Chokaa akabandua kile kibandiko, akakikunjakunja, hakujua pa kukiweka, akakitia mfukoni.

"Atakuuliza mdomo umetoka wapi, yule mama."

"Nitamwambia kashona dada yangu."

"Akiikataa je?"

"Si tutarudi naye nyumbani? Nyundo iko wapi?"

"Umeikanyaga."

Akaichukua. Akachagua msumari, si wa juu juu, akachimba boksi mpaka akapata mrefu, ule wa kushika hata mlango, akaubana kwa midomo. Akambeba baba yake kwapani, uso ukiangalia mbele, akatokea mbele za watu, akaufunga mlango kwa kisigino.