Mkunga wa Ghorofa ya Tatu

Wageni wengi waliofika mjini na begi moja na namba ya simu waliyoandikiwa kwenye karatasi waliishia kwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale; jina walimpa wao, likamganda. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dobi, na ndani mlikuwa na viti vinne vya plastiki na printa iliyotafuna karatasi kama mbuzi. Kwa miaka kumi na minne aliwatafutia watu vyumba na kazi, na mdomo wake haukuwa na breki. Kuna mhandisi mmoja aliyeambiwa na Shangazi anyoe ndevu akaoshe vyombo hotelini. "Mchagua jembe si mkulima," alimwambia, na kweli mwisho wa mwezi mhandisi alirudi na pakiti ya biskuti kumshukuru.

Mkunga alipokuja alikuwa na vyeti vitatu ndani ya mfuko wa nailoni, na miaka ishirini na mbili ya kuzalisha wanawake. Shangazi alivisoma vyote, akamrudishia.

"Hivi kaviweke chini ya godoro. Hapa havitambuliki mpaka usome upya, miaka minne, kwa hela zako."

"Sasa niseme mimi ni nani?"

"Msafishaji. Tena wa siku nyingi. Wakijua umesoma watasema utawakimbia, hawatakuajiri. Na nisikilize, dada. Leseni huna. Mtu akianguka mbele yako, piga simu ya dharura, usimtibu. Ukimgusa likatokea la kutokea, utarudishwa kwenu na begi lako."

Kurudishwa ndiko Mkunga alikokuogopa. Binti yake wa miaka tisa alibaki kwa bibi, na bibi mwenyewe alikuwa wa kitandani. Sheria ilisema mama akifanya kazi miezi sita mfululizo bila doa anaruhusiwa kumleta mtoto wake. Basi akakubali kuwa msafishaji. Shangazi akampatia kazi ya vyoo na korido kwenye ghorofa ya tatu ya jengo la maofisi, akajisifu wiki nzima.

Mwezi wake wa sita kazini, Jumanne saa nne asubuhi, karani wa mapokezi wa ghorofa ile, msichana mwenye mimba ya miezi minane, alishikwa na uchungu chooni. Mkunga alikuwa mle mle anapiga deki. Alipiga simu ya dharura kama alivyofundishwa. Gari la wagonjwa likakwama kwenye foleni, na mtoto hakungoja.

Yaliyofuata Shangazi aliyasikia kesho yake, Mkunga akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na sare yake ya kazi.

"Kichwa kilitoka. Kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Ni jambo la kidole kimoja, dada. Kwetu nilikuwa nalifanya huku napiga soga. Nikamshika yule binti mkono. Mkono tu. Walipofika, mtoto ameshapoa."

"Mimi ndiye niliyekukataza," alisema Shangazi. Moyo ulimuuma kweli kweli, na hakuwa mtu wa kuumwa na moyo.

Msimamizi wa usafi yeye alifurahi. Alipiga simu kusema mtu wako amefuata taratibu, hongera, na kwamba karani anaomba kumwona yule mama. Kwa kuwa Mkunga alikuwa bado anabahatisha lugha ya mji, Shangazi akaenda naye kumtafsiria. Zilibaki siku kumi na moja miezi sita itimie.

Karani alikaa nyumba ya ghorofa, juu kabisa. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimeshafunguliwa, mbao zake zimeegemezwa ukutani. Mama wa karani alikuwa anakunja nguo ndogo ndogo na kuzitia kwenye boksi. Msichana alimshika Mkunga mikono yote miwili.

"Mwambie asante," alimwambia Shangazi. "Wenzangu walisimama mlangoni wanapiga kelele. Yeye peke yake alipiga magoti. Mwambie najua angekuwa na ujuzi wa mambo haya, mwanangu angekuwa hai. Lakini hakuwa nao, na bado hakuniacha."

Shangazi alitafsiri yote, bila kupunguza. Mkunga akaziangalia zile mbao.

"Mwambie mimi ni mkunga."

"Dada..."

"Miaka ishirini na mbili. Mwambie niliona. Mwambie."

Shangazi alimfikiria msimamizi. Alimfikiria mtoto wa miaka tisa anayemlisha bibi yake uji. Na tusimfichie aibu yake: alijifikiria na yeye, kwamba msichana angeuliza nani alimkataza. Akamgeukia msichana.

"Anasema pole sana, mwanangu. Anasema na yeye ni mama."

Msichana akaanguka kifuani kwa Mkunga, akalia. Mkunga alimpokea, akampapasa mgongo, macho yake yako kwa Shangazi.

Walipofika chini kwenye ngazi, Mkunga alisimama.

"Mkunga, kwa lugha ya hapa wanamwitaje?"

Shangazi akamwambia. Mkunga akalirudia neno lile mara mbili, taratibu, mpaka likamkaa mdomoni.

"Kule juu sikulisikia," alisema.

Akageuka, akaanza kupanda.

"Siku kumi na moja, dada," Shangazi alimwambia. Sauti ilimtoka ndogo. "Binti yako."

Mkunga alisimama, mkono kwenye chuma cha ngazi, mguu mmoja juu. Alikaa hivyo mpaka mpangaji mmoja akapita na mizigo yake, akawaomba njia. Kisha akashuka. Walikwenda hadi kituo cha basi, Mkunga mbele, macho makavu, na Shangazi nyuma yake analia njia nzima.