Mbili, Kimya, Mbili

Kesho asubuhi watanifungua kifua. Daktari anasema wengi huamka, na mimi sipendi neno "wengi". Kwa hiyo acha niseme yangu leo, nikiwa bado na pumzi ya kusemea.

Kaka yangu alikufa saa nane mchana juu ya paa la jengo la ghorofa tano, mkono wake ukiwa bado kwenye vali ya tangi. Tulikuwa mafundi bomba, yeye na mimi, na watu walimwita Spana kwa sababu akishika kitu hakiachi. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na ukubwani hakuwahi kulazwa hata siku moja. Mama hakutaka kusikia habari za daktari. "Kala nini?" aliuliza, maiti haijashushwa hata ngazi ya kwanza. Kala chakula alichofungiwa na mkewe. Basi, kesi ikaisha hapo. Mwezi haukukatika, shemeji akafungasha virago akaondoka, na majirani wakimpisha njiani kana kwamba ana ndui.

Chakula kile tulikula wote wawili. Mimi ndiye niliyekula zaidi, maana ni mlafi na yeye alikuwa analalamika kiungulia. Na siku ile zamu ya kupanda ilikuwa yangu. Nilimwambia tumbo limejaa, apande yeye. Ningetaja chakula, Mama angeuliza swali la pili, na swali la pili, kwa nini alipanda yeye, ndilo nililoliogopa. Nikakaa kimya kama maji ya mtungini, miaka miwili. Ni aibu, na sitafuti neno laini la kuipaka.

Sasa, kazini tulikuwa na lugha yetu. Mmoja akiwa chini kwenye bomba kuu na mwenzake juu kwenye tangi, kupiga kelele ni kujichosha koo, na simu ya fundi juu ya paa mwisho wake ni ndani ya maji. Tuligonga bomba kwa spana. Mara moja: funga. Mara tatu: fungua. Mbili, kimya, mbili: panda juu, nakuhitaji.

Nilianza kuisikia miezi minne iliyopita, nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa na unyevu ukutani. Mafundi wa siku hizi hupasua kwanza, wakatafuta baadaye. Mimi husikiliza. Naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba na mpini wake sikioni, na maji yanayovuja yananong'ona yenyewe yalipo. Siku ile hayakunong'ona. Yaligonga. Mbili, kimya, mbili.

Nikajiambia ni hewa tu. Nikafunga maji ya nyumba nzima, nikafungua koki zote mpaka bomba likakauka, nikasikiliza tena. Mbili, kimya, mbili. Mwalimu aliniuliza mbona natoka jasho kwenye nyumba yenye feni, nikamjibu kwa ukali kwamba feni yake haina kazi.

Wiki iliyofuata niliikuta kwenye kliniki ya meno, halafu kiwanda cha sabuni, halafu nyumba mpya ambayo ilikuwa bado haijaunganishwa na maji. Hapo nilikaa chini kabisa. Bomba halijawahi kuona tone, na ndani yake mtu ananiita.

Kila mahali nilitii, nikapanda. Juu hapakuwa na mtu, tangi na jua tu. Nikigusisha bisibisi kwenye tangi, kugonga kulikuwa kumeongeza kasi, kama mtu aliyechoka kusubiri. Na kila nilipopanda, kifua kilinibana katikati, mahali palepale, hadi kwenye taya. Nikasema kiungulia. Kwetu kiungulia ni cha ukoo. Kumwambia mtu sikuthubutu. Ningesemaje, kwamba marehemu ananikumbusha zamu yangu?

Halafu msimamizi wa lile jengo la ghorofa tano akapiga simu. Tangi lao linavuja. Nilikuwa nimelikwepa tangu msiba, lakini safari hii nilikwenda, tena mbio. Nilitaka yaishe. Chini kwenye bomba kuu niliweka sikio, na Spana alikuwepo, wazi kuliko siku zote. Nikapanda. Ghorofa ya kwanza nikapumzika. Ya pili nikashika ukuta. Ya tatu miguu ikagoma, nikajikuta nimekaa sakafuni, bisibisi kwenye bomba, mpini sikioni, namwambia kwa sauti, "Nakuja, kaka. Nakuja."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa muuguzi mstaafu anayekaa pale, wote humwita Sista.

"Unaongea na nani, fundi?"

"Sikiliza mwenyewe." Nikampa bisibisi.

Alisikiliza kwa muda mrefu. "Sisikii kitu."

Akanirudishia. Nikaweka sikio, na kugonga kulikuwa palepale. Nilikaribia kulia.

"Haya," alisema, akachuchumaa, magoti yakimlia. "Unachokisikia, kigonge hapa sakafuni kwa kidole. Usiruke hata kimoja."

Nikagonga. Mbili, kimya, mbili. Yeye akanishika kiganja cha mkono wa pili, vidole vyake juu ya mshipa, akawa anatazama kidole changu kinavyogonga. Sura yake ikabadilika taratibu.

"Baba, hilo si bomba," alisema. "Hiyo ni damu yako."

"Zimebaki ghorofa mbili tu, Sista. Ananingoja."

"Ukizipanda hizo mbili, utashushwa."

Alinishikilia mkono kwa nguvu mpaka gari la wagonjwa likaja. Bila yule mama ningepanda, nakuapieni.

Hospitalini walinipiga picha za mishipa. Jana mchana daktari wa moyo alituita ofisini, mimi kwenye kiti cha magurudumu na Mama kando yangu. Kwenye picha, mshipa mmoja kati ya ile inayolisha moyo wenyewe ulikuwa umetuna, na damu imeganda ndani yake. Nimeona mipira ya maji iliyovimba namna ile. Huwa naikata siku hiyohiyo.

"Hiki ni kitu cha zamani," daktari alisema. "Utotoni, uliwahi kupata homa ya siku nyingi? Macho mekundu, ulimi mwekundu, halafu ngozi ya vidole ikabanduka?"

"Surua hiyo," Mama alijibu kabla yangu. "Surua mbaya."

"Surua haibandui vidole hivyo, mama. Huu ni uvimbe wa mishipa ya damu. Unaitwa Kawasaki."

"Kama pikipiki?" niliuliza.

"Kama pikipiki, ila hili ni jina la daktari aliyeueleza. Mtoto hupona, mama anashukuru, na mshipa unabaki umeharibika miaka yote hiyo."

"Lakini walipona kabisa," Mama alisema. "Wote wawili."

Daktari aliacha kuandika. "Wawili?"

"Yeye na kaka yake. Walibanduka pamoja."

"Huyo kaka aje leo. Leo hii, hata kama anajisikia mzima. Namba yake?"

Mama alinigeukia. Mimi nikaitaja. Sijui kwa nini. Ilikuwa mdomoni siku zote kuliko yangu mwenyewe. Daktari akabonyeza simu ya mezani, sauti ikiwa wazi, na ile namba ikaita. Mama akanikamata mkono wa shati. Ikaita mara nne, kisha ikapokelewa.

"Haloo?"

Alikuwa shemeji. Laini ya mumewe alikuwa ameiweka hai.

Daktari alimtaja mgonjwa anayemtafuta. "Huyo alifariki," shemeji alisema. "Mwaka wa pili sasa."

Nikasogea karibu na simu. "Shemeji, ni mimi. Ulikuwa moyo. Tuliugua wote utotoni, hatukujua." Niliusikia mkono wa Mama ukiniachia. "Chakula chako hakikuwa na kosa. Nilikula na mimi, siku ile. Nilikula zaidi yake."

"Najua," alisema. "Kibakuli kilirudi na vijiko viwili vichafu. Niliviosha mwenyewe."