Mtungi wa Saa Kumi

Saa kumi alasiri Soila aliondoa kiti mlangoni ili mtungi upate pa kupita. Ulikuwa mtungi wa manjano wa lita ishirini, mfuniko wake ulishapotea, mdomo umezibwa kwa kipande cha nailoni. Ulitoka peke yake kwenye kioski cha maji ng'ambo ya barabara ya Namanga, ukiwa umejaa, na njiani ulipumzika mara tatu. Watu wa Kitengela waliupisha kama wanavyompisha punda.

Safari hizo zilianza siku nne baada ya mazishi. Binti yake Soila, msichana wa darasa la tano, aligongwa na lori la mawe akivuka na mtungi huo huo. Yeye alizikwa Mashuuru. Mtungi haukupata hata ufa, na hilo lilimuuma Soila kupita kiasi.

Jirani yake, Nzau, hakuwa na haja ya kuchota. Kulikuwa na mpango wa kuwarudishia watu nusu ya bei ya tanki na mifereji ya paa, mradi walete risiti. Nzau alikuwa nazo mbili. Soila hakuwa na hata moja, kwa kuwa nusu hurudishiwa aliyetoa nzima. Mwenye nacho huongezewa, na neno hilo halikuanzia Kitengela.

Jumanne akaja Mulei, karani wa mpango huo, akapima paa na kufungua fomu. Kilikuwapo kifungu kimoja cha watu kama Soila: aliyefiwa na mtu aliyekuwa akitafuta maji hupewa tanki bure. Soila alilitaka tanki hilo kuliko kitu chochote duniani. Si kwa ajili ya kiu. Mtungi ulikuwa ukifika ukihema, na mama huijua pumzi ya mwanawe. Tanki likiwepo, mtoto angepumzika.

"Jina la marehemu, mama?"

"Cheti kiko na jina. Soma hapo."

"Cheti ni cha ofisi. Hapa lazima mzazi ataje mwenyewe, mimi nasikia, naandika."

"Kwetu mtu akishaenda hatajwi," Soila alisema. "Ukimtaja, umemwita."

Mulei hakuwa mtu mbaya. Alipewa chai, akangoja. Mtungi uliingia, ukapita miguuni pake, ukatulia kando ya jiko. Aliinua viatu visilowe.

"Jina moja tu, mama, na tanki ni lako."

Jina lilimfika Soila mdomoni. Lakini alimjua binti yake. Alikuwa mtoto wa kuitika mara moja, hata akiwa usingizini. Angeitwa leo, angekuja mzima mzima, na kazi isingemwishia tena. Soila akalimeza jina.

"Basi naandika maji huja yenyewe," Mulei alisema. "Na nyumba iko na maji haisaidiwi."

Akapiga muhuri, akashukuru kwa chai.

Mwezi uliofuata Nzau alirudishiwa nusu ya bei ya tanki la tatu, la kumwagilia nyasi. Soila naye siku hizi hufunga mlango saa tisa na nusu, akavuka barabara na kungoja kioskini. Mtungi ukishajaa, yeye hushika upande mmoja, wakaubeba wawili mpaka nyumbani.

"Pole, mama," Soila humwambia binti yake, kila wanapopumzika.