Vibonyeo Ubavuni mwa Gari

Jina la Msasa alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa hakukosa kipande cha msasa mkononi. Mumewe, mpaka rangi wa karakana hiyohiyo, aliapa kuwa jina lilitokana na ulimi wake. Vyovyote iwavyo, kazi yake ilikuwa kufufua mapambo ya chuma ya magari ya zamani: bampa, fremu za taa, tepe za ubavuni. Wengine wakikuta utepe umepinda huutupa, wakatengeneza mwingine. Yeye alikuwa na ubishi na chuma. Hakitupwi mpaka kimshinde.

Daktari wa meno alileta gari la marehemu mama yake. Lilikuwa limelala bandani chini ya turubai tangu yeye hajaota ndevu. Makanika alikwisha kuifufua injini. Yaliyobaki yalikuwa ya Msasa na mumewe. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, ila ukizungumza naye alikutazama mdomoni mpaka ukatamani kuufunga.

"Sitaki kipya hata kimoja, mama," alisema. "Nataka vilevile vya asili."

"Na hivi je?" Msasa alipitisha kidole kwenye utepe wa upande wa abiria. Kuanzia mlango wa mbele hadi kwenye buti kulikuwa na vibonyeo vidogo, kimoja nyuma ya kingine.

"Ni mvua ya mawe. Ilinyesha siku tuliyohama. Nilikuwa mdogo, nimelazwa kiti cha nyuma, nikasikia ko, ko, ko. Mama akaniambia ni mvua ya mawe, nijifunike."

Msasa alitupa jicho juu ya paa. Paa lilikuwa laini kama yai. Mvua gani hiyo ya kupiga ubavu ikaliacha paa? Lakini mtu na mama yake usiwaingilie.

Asubuhi iliyofuata aliubandua utepe, akaulaza kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kugonga kibonyeo cha kwanza kwa nyuma na nyundo ndogo. Aligonga taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Kilipopanda akakisugua kwa msasa mkavu, kisha wa maji, kisha akakipitisha kwenye gurudumu la kitambaa mpaka chuma kikawa kioo.

Akainama kujitazama. Hakujiona.

Aliona barabara ya udongo mwekundu na ua wa miiba, vikirudi nyuma kwa kasi, kama mtu avionavyo akiwa garini. Akageuka. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa karakana, makopo ya rangi na jua la saa nne. Akatazama tena. Barabara ileile. Na kando ya barabara, karibu kabisa, mwanamke kijana alikuwa akikimbia, mtandio umemwanguka mabegani, mkono ameuinua.

"Baba watoto!" aliita. "Hebu njoo uangalie hapa. Unaona nini?"

Mumewe alikuja akijifuta rangi, akainama, akacheka. "Naona kitambi changu, naona..." Kicheko kikamkauka. "Huyu mwanamke aliye nyuma yangu ni nani?"

Hapakuwa na mtu nyuma yake.

Mumewe alirudi kwenye rangi zake, na siku nzima hakupiga mluzi. Msasa naye alijiambia kazi ni kazi. Kesho yake akakinyoosha kibonyeo cha pili. Alipotazama, mwanamke alikuwa amebaki nyuma hatua kadhaa, mdomo wazi, akiita bila sauti. Siku ya tatu asubuhi akanyoosha cha tatu. Safari hii mwanamke alijikwaa, akapiga magoti kwenye vumbi, akainuka tena, mbali zaidi.

Ndipo Msasa alipoelewa. Aliukunja mkono wake, akaviweka vifundo vya vidole kwenye kibonyeo cha nne. Vilitulia pale kama yai kiotani. Haikuwa mvua. Alikuwa mtu akigonga, akiomba gari lisimame, na kila kibonyeo anachokinyoosha kinamsukuma mtu huyo nyuma.

Akaiweka nyundo chini, akamwita daktari.

Daktari alikuja na koti lake jeupe. Msasa hakumweleza kitu, alimpa utepe tu. Daktari aliutazama, na kwa mara ya kwanza Msasa alimwona anasahau kutazama midomo ya watu.

"Mama mdogo," alisema. "Huyu ni mama mdogo. Lakini mama aliniambia... aliniambia mdogo wake aliondoka alfajiri bila kutuaga, akaenda zake. Mama akakataza jina lake lisitajwe nyumbani."

"Yu hai?"

"Sijui, mama. Sikuwahi kuuliza."

Aliuliza siku hiyohiyo. Mjomba mmoja, baada ya kuguna sana kwenye simu, akamwelekeza: mji wa pili kutoka hapo, kwa mpwa wake anayemtunza. Msasa akaurudisha utepe ubavuni na vibonyeo vyake vilivyosalia.

"Twende wote," daktari alimsihi. "Peke yangu miguu haitanibeba."

"Nenda," mumewe akadakia kabla hajajibu. "Ila gari hilo lisilale tena humu."

Njia nzima Msasa aliketi kando ya dereva, dirisha wazi, asithubutu kutazama nje upande wake. Mara mbili alisikia pumzi ya mtu anayehema. Alipandisha kioo. Pumzi ikaendelea.

Walimkuta bibi kizee ukumbini, kwenye kiti cha chini, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Miguu ilikuwa imevimba na nyayo zimepasukapasuka. Mpwa wake, mwanamke mnene mwenye uso wa usingizi, aliwaeleza hata kabla hajawauliza walikotoka.

"Tangu wiki iliyopita hatulali. Anahema kama aliyekimbizwa, na hata hatua kumi hatembei! Juzi asubuhi akapiga ukelele kwamba ameanguka. Nikamwambia, shangazi, umo kitandani. Kumfunua, goti limechubuka, lina mchanga."

Msasa alilitazama goti lile lililofungwa kitambaa, akakumbuka nyundo yake. Alitamani ardhi ipasuke.

"Nisamehe, bibi," alinong'ona.

Bibi hakumsikia. Alikuwa akimtazama daktari. "Hatimaye umelisimamisha," alisema.

Daktari alipiga magoti pale pale kwenye maji yaliyomwagika. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hukuwa ukiniita hivyo. Uliniita mama." Alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Dada alikuwa kazini mchana kutwa, mimi ndiye niliyekulea. Jioni moja ukaanguka ukaumia, naye yupo hapo, amekunyooshea mikono. Ukampita, ukanikimbilia mimi. 'Mama, mama.' Nilimwona dada uso ukimbadilika. Kesho yake nimekwenda kisimani, narudi, namkuta amepakia vitu. Nikakimbia. Nikagonga mpaka ngozi ikatoka. Sikutaka kumnyang'anya mtoto. Nilitaka kukuaga tu."

"Nilisikia," daktari alisema. "Nikajifunika."

Walilia, na mpwa akalia nao, ingawa yeye alilia zaidi kwa usingizi. Kisha bibi akaomba kuliona gari. Wakambeba. Hakutaka kiti cha nyuma wala cha abiria. Alitaka pale alipokaa dada yake.

Walipomketisha nyuma ya usukani, aliushika. Katikati kulikuwa na pete ya kubonyezea honi, chuma cha asili, kimefunikwa na ukungu wa miaka. Msasa hakuwa amekigusa.

"Wewe ndiye fundi?" bibi alimwuliza. "Nisugulie hiki."

Msasa alisita. Chuma kile kilielekea moja kwa moja usoni mwa dereva. Alimtazama daktari. Daktari alitazama chini.

"Sugua, mwanangu. Nimemwona dada kisogo maisha yangu yote."

Msasa alitoa msasa laini mfukoni na kitambaa, akasugua bila kutazama, kwa kupapasa, mpaka kidole kikamwambia kimelainika. Akarudi nyuma.

Bibi aliinamia pete ile. Kisha akashika ncha ya mtandio wake, akakipangusa chuma mahali pamoja, polepole, kisha pembeni yake pengine, kama unavyompangusa mtoto chini ya macho.

"Analia," alisema. "Njia nzima analia."

Akaendelea kupangusa. Halafu mkono ukasimama, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya msichana mwenye hasira.

"Sasa mbona hakusimama?"

Daktari alizunguka, akafungua mlango wa abiria, akaingia na kuketi karibu naye.