Sekunde Tano za Kaka

...mstari mmoja tu, bosi kasema mstari mmoja, na kweli ni mmoja, keshauandika, kidole kiko juu ya kitufe cha kuhifadhi na hakishuki, anayefungua ukurasa wa zamani wa waanzilishi ahamishiwe ukurasa mpya wa kampuni, papo hapo, hata asijue kapita wapi, fundi wa tovuti kazi yake ni hiyo, ameifanya mara mia bila kukunja uso, ila ukurasa huu ni wa kaka yake, mmoja wa waanzilishi hao, marehemu tangu mwaka juzi, na anayeufungua kila asubuhi ni mama yao, na miwani yake iliyofungwa uzi, "Nimemsalimia kaka yako leo," humwambia kwenye simu, naye hujibu, mama, niko kazini, tutaongea jioni, na jioni haifiki... "Saa sita wageni wanaingia, dada, huo mstari vipi?" bosi huyo, meza ya pili, si mtu mbaya, mazishini alilia kuliko ndugu wengine, "Namalizia," anamjibu, shingo inauma, amechoka uchovu ambao hata usingizi hauutoi... kesho mama atagusa palepale, atatupwa kwenye majengo ya vioo, atabonyeza kurudi, mstari utamsukuma mbele, atarudi, atasukumwa, kisha atapiga simu, mwanangu, nimeiharibu simu, nisamehe... hapana, hilo hapana, kuna namna ya kuuandika isiyomnasa mtu, anafuta, anaandika upya, sasa kitufe cha kurudi kitamtoa, lakini kaka hatakuwepo mbele wala nyuma, basi aweke muda wa kungoja kabla ya kuhamishwa, elfu tano, kwa mashine ni sekunde tano, ndani ya sekunde tano mama hajavaa hata miwani, aweke elfu kumi, bosi ataona ukurasa unasuasua, anashusha, anapandisha... na macho yanakwama kwenye jina la faili la picha, kaka-anacheka, herufi tu, maana tangu mazishi hajaufungua ukurasa wenyewe hata siku moja, hukaa nyuma yake, kwenye maandishi ya mashine, anajua upana wa picha na urefu wake na hajui kaka kavaa shati gani... mama anajua... sasa hizi sekunde anamwekea nani, si mama, mama miaka miwili anatafuta mtu wa kuangalia naye, na kila akifungua mdomo bintiye humhamishia kwingine, kazini, jioni, kesho, papo hapo, hata asijue kapita wapi... anaona aibu, aibu ya kweli, inapanda mpaka masikioni... "Dada?" "Bado kidogo," na kidole bado kiko palepale, ila sekunde amezifuta zote, picha ataichukua bila kuifungua, leo saa kumi jioni atakuwa mlangoni kwa mama, ataiweka kwenye simu ya mama, waifungue wawili, na mama akianza kusema hatamkatisha, atamuuliza tu, mama, hili shati alinunua lini, nisimulie...