Alhamisi za Walubengo

Bramwel hakuwa mtu wa kupekua simu ya mkewe. Lakini asubuhi hiyo ya Alhamisi Sellah alikuwa anaoga, simu ikalia mara moja juu ya meza, na jicho likatangulia kabla hajalizuia.

"Natoka Bungoma sasa. Saa tatu niko kwako. Bakoki asijue."

Bakoki asiyetakiwa kujua alikuwa yeye mwenyewe. Aliyeandika alikuwa Walubengo, mwenye duka la mabati na misumari mjini Bungoma, aliyetahiriwa naye msimu mmoja. Kwa Wabukusu, watu wa namna hiyo huitana bakoki, na bakoki wako ana ruhusa ambayo hata ndugu wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kusimama matangani akasema marehemu alikuwa mlafi, na huruhusiwi kununa. Ila ruhusa hiyo, kwa jinsi Bramwel alivyoijua, haikufika chumbani kwa mtu.

Wivu ulimshika, akausukuma uji kando. Alikumbuka mazishi ya mzee Ndalu mwezi uliopita. Mwaka jana Walubengo alikuwa amenyauka, hana neno. Lakini siku ile ya mazishi alicheza mpaka akavua koti, wajane wakampigia makofi. Sellah naye alikuwa akimtazama huku anatabasamu. Bramwel alikuwa ameliona tabasamu hilo na kulipuuza. Sasa lilimrudia lote, meno kwa meno.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na moja, mwalimu mstaafu mwenye ekari tatu za mahindi nje ya Kitale, na magugu yalikuwa yamefika magotini. Alikuwa analala mchana kama mtu aliyekunywa dawa, halafu usiku anatazama dari. Kitu kidogo tu, kifuniko cha birika, kilimtia hasira ya kutaka kuvunja nyumba. Kitandani alikuwa amegeuka jirani tu wa Sellah. Yote hayo aliyaita uchovu wa kustaafu, na hakumwambia mtu.

Sellah alikuwa nesi katika kliniki moja ya kibinafsi mjini Kitale; "kwako" haikuweza kuwa kwingine. Saa tatu kasoro, Bramwel alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, anajifanya kuulizia bei ya buti za mpira. Walubengo akaja, shati limepigwa pasi, akapanda ngazi za kliniki kama mtu wa miaka thelathini. Baada ya nusu saa akatoka. Pale pale kwenye ngazi, mchana kweupe, alikuwa anakaza mshipi wa suruali huku akiimba kwa sauti ya chini.

Bramwel alifika nyumbani na buti mbili, zote za mguu wa kushoto.

Jioni alimkuta Sellah anachambua mboga za sukuma wiki.

"Mama Phelista, Walubengo anakuja kwako kufanya nini?"

Mikono ya Sellah ilisimama. "Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe. Nimemuona na macho yangu, anafunga mshipi!"

"Baba Phelista, mimi ni nesi. Mtu akiingia pale, mambo yake yanabaki pale. Hata angekuwa babangu."

"Ati mgonjwa! Mgonjwa gani anacheza matangani kama ndama amefunguliwa? Jumamosi nakurudisha kwenu Kimilili. Ndugu zako watakuuliza vizuri."

"Nirudishe, basi. Sisemi." Alimkazia macho. "Miezi nane hujanigusa, na sijakuuliza ni nani. Leo wewe ndio unaniuliza mimi."

Bramwel alizidisha ukali na kuchukua simu. Alimwandikia Walubengo aje Jumamosi ashuhudie mwanamke akirudishwa kwao, kwa kuwa sababu ni yeye.

Jumamosi asubuhi Walubengo alifika. Begi la Sellah lilikuwa mlangoni na mwenyewe yuko jikoni, kibanda cha nyuma ya nyumba. Walubengo aliliangalia begi, akamwangalia Bramwel, akaketi bila kukaribishwa.

"Bakoki, wewe ni mjinga kushinda ng'ombe yako. Bibi yako amenidunga sindano kwa matako mara saba, na hajawahi hata kuyasifu. Hiyo ndio mapenzi unanisingizia?"

Bramwel alisimama na ngumi zake. Hakujua azipeleke wapi, kwa maana bakoki hapigwi. Akaketi tena.

"Sindano ya nini?"

Walubengo aliacha mzaha. Aliongea akitazama sakafu.

"Mwaka jana nilikuwa nafungua duka saa nne, nakaa nyuma ya mabati nalia. Sijui nalia nini. Mchana usingizi, usiku macho. Bibi yangu nikamuona kama ukuta. Nikatafuna mizizi ya mkombero ati nguvu za kiume zirudi, mpaka mdomo ikakufa ganzi, wapi! Nikakuja Kitale, kwa sababu Bungoma kila mtu ananijua. Kufika nakuta nesi ni Sellah. Nilitaka kutoroka, akaniambia nikae. Wakapima damu asubuhi, mara mbili. Daktari akasema homoni ya kiume imeshuka sana, na hiyo huzuni pia ni ugonjwa, itibiwe. Si kila mtu anapewa hiyo sindano, lakini mimi walinipatia."

"Na kwa nini nisijue?"

"Si ungenicheka, bana! Kwa kila matanga kutoka hapa mpaka Bungoma. Mimi najua, kwa sababu ingekuwa ni wewe, mimi ningekucheka."

Usingizi wa mchana, dari ya usiku, mke kama ukuta: mtu huyu alikuwa anasimulia maisha ya Bramwel akiyaita yake. Bramwel alipaswa kupumua sasa. Badala yake wivu, uliofukuzwa mlango wa mbele, uliingia kwa mlango wa nyuma.

"Ulilia mbele yake?"

"Nililia. Kama mtoto."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikaa tu mpaka nikamaliza."

Hilo lilimuuma kuliko mshipi. Sellah alikuwa amesimama na Bramwel alipomzika mamake, na hakuwahi kuona chozi la mumewe, miaka thelathini ya ndoa. Na sasa mwanamume mwingine alikuwa amepewa kiti, na muda, na kimya cha mke wake.

Alimwacha Walubengo sebuleni, akaenda jikoni. Sellah hakugeuka.

"Tunaondoka saa ngapi?"

Njiani Bramwel alikuwa ametunga ombi zuri la msamaha, sentensi kamili ya mwalimu. Haikutoka.

"Hakuna mwanamke mwingine," alisema. "Ile miezi nane. Ni mimi nimeisha, Sellah. Naamka asubuhi sitaki kitu. Sijui..."

Machozi yakamtoka, na safari hii hakuweza kuyazuia. Sellah aliepua sufuria, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda. Yeye pia alikuwa analia.

"Kila Alhamisi nikimdunga huyo rafiki yako," alisema, "nilikuwa namuonea bibi yake wivu."